Binti Mnayemuuliza

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiambiwa basi linaondoka sasa hivi, naenda kwanza mbele kuangalia kama dereva amekaa kwenye kiti chake. Nikisifiwa, najiuliza huyu anataka nini kwangu. Sikuzaliwa hivi, nililelewa hivi, na aliyenilea ni mama yangu, ambaye hata leo ukikutana naye njiani na jembe begani ukamwuliza anakwenda wapi, atakujibu, "Hapo tu."

Kwa hiyo siku ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu, nikiwa Makambako dukani kwa mjomba, sikulia. Nilishuku kwanza, kulia kukaja baadaye. Nilikuwa nampimia fundi misumari, upepo wa mji ule ukiingiza vumbi mpaka kwenye mizani. Ujumbe ulisema wanashukuru kwa kuomba ufadhili wao, kwamba baada ya uhakiki ombi langu halikukidhi vigezo, na kwamba wananitakia kila la heri. Hiyo kila la heri ndiyo iliyonipandisha hasira. Fundi akaniuliza kama misumari imekwisha, nikamwambia haijaisha, nikampa mingi kuliko aliyolipia.

Vigezo vyenyewe nilivijua kwa moyo. Walimtaka mtoto wa mkulima, aliyefaulu sayansi, aliyepata nafasi chuo cha afya, na ambaye nyumbani kwao hawawezi kumlipia. Nafasi nilikuwa nayo, fani ya maabara. Uwezo hatukuwa nao, na hilo kijiji kizima kilijua, kwani baba alifariki nikiwa kidato cha pili na mama alibaki na shamba la viazi na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Maabara niliitaka kwa sababu ya baba. Alitolewa damu hapa, akatolewa damu kule, na kila mara tulirudi nyumbani na maneno ya "tutaona". Nilitaka kuwa yule mtu aliye nyuma ya kidirisha, anayejua damu imesema nini. Na kwa mtu wa aina yangu ile ni kazi yake hasa, maana humwamini mtu kwa maneno, unapima.

Mjomba alisoma ujumbe akiwa ameishikilia simu mbali na macho. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko kando ya barabara kuu, malori ya nchi za watu yanapita hapo mchana na usiku, kwa hiyo anajiona ameuona ulimwengu wote akiwa amekaa.

"Hapa pana mkono wa mtu," akasema.

Nilimpenda sana mjomba siku ile. Angeniambia nimeshindwa, ningekaa chini nikalia. Aliposema pana mkono wa mtu nilipata kazi ya kufanya, nayo ni kuutafuta huo mkono.

Nilianza na dada wa steshenari, aliyenijazia maombi mtandaoni. Alikuwa na kucha ndefu na alikuwa anaongea na simu muda wote alipokuwa ananiandikia. Nilirudi kwake nikamwomba afungue ombi langu tulisome upya, na alilifungua bila kusita, tukasoma kila kitu kuanzia jina hadi mwisho. Hakukuwa na kosa. Nilimshuku bado, kwa sababu alikuwa mchangamfu mno, lakini sikuwa na pa kumshikia.

Jumamosi nikapanda gari la Njombe, na kutoka Njombe nikaelekea kijijini kwetu, upande wa Kifanya. Njia nzima naangalia miti ya misindano iliyopandwa kwa mistari kwenye vilima vya watu, najiuliza ni nani.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu nyumbani kwetu ili lililotokea lieleweke. Kwa mama yangu, mpango hautajwi mpaka utimie. Ukiwa na safari, unasema umeshafika. Ukinunua ndama, watu wanamwona akiwa zizini. Hakuwa anaogopa wachawi, au tuseme hakuwa anakiri kuwaogopa, yeye ni mkristo wa kukaa benchi la mbele. Alikuwa anaogopa midomo. Alikuwa na imani kwamba jambo likipita katika midomo mingi linachakaa kabla hujalipata. Kwa hiyo nilipoamua kuomba ufadhili aliniapisha, na siku ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji kupigiwa mhuri tulipita nyuma ya mashamba, umande ukitulowesha hadi magotini, ili tusipite mbele ya nyumba ya jirani.

Jirani mwenyewe si mtu wa kupitwa. Nyumba yake iko kabla ya yetu ukitokea barabarani, tumetenganishwa na ua wa miti ambao kuku wake hawautambui. Namwita mama mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Moto ukizimika kwetu tulichukua kwake, na baba alipokuwa mgonjwa ndiye aliyenipikia mimi uji. Ni mwanamke mnene wa sauti nene, na salamu yake, "Kamwene!", unaisikia kabla hujamwona. Siku nilipokwenda Njombe kutafuta vyeti vyangu shuleni alinikuta njiani.

"Kamwene, mwanangu. Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Kamwene, mama mkubwa. Nakwenda hospitali, jino."

"Jino gani?"

Nikaonyesha la upande wa kulia. Nilipokuwa narudi akaniuliza limekuwaje, nikaonyesha la kushoto. Aliniangalia, na jioni alituletea karafuu za kutuliza jino na mama akanikata jicho.

Basi, Jumapili ile ya kutoka Makambako nilikwenda kanisani na macho mawili makali. Katika usharika wetu ibada ikiisha tunatoka nje kwa mnada wa sadaka. Aliyetoa kabichi, aliyetoa mayai, aliyetoa jogoo aliyefungwa miguu, vyote vinanadiwa pale pale huku tumesimama duara, na watu wanapandishiana bei kwa kucheka. Mimi sikuwa na habari na jogoo. Nilikuwa namwangalia binti wa mwinjilisti, niliyesoma naye. Yeye aliomba ufadhili ule ule, na alikuwa amepata.

Nilimsogelea nikampongeza. Nilimpongeza vizuri, hata yeye aliamini. Kisha nikaanza kumchimba.

"Walikuja kwenu?"

"Walikuja, tena ghafla! Mama hajafagia hata. Wakapiga picha paa, wakapiga picha jiko, mpaka choo."

"Choo!"

"Choo, ndugu yangu. Nilitamani ardhi ipasuke." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini wewe si walikuja kwenu pia? Walipotoka kwetu waliuliza njia ya kwenu."

Nikasema ndiyo, walikuja. Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani sikutaka aone usoni kwangu kwamba hawakufika. Kwetu hakuna aliyefika na hakuna aliyepiga picha choo. Siku hizo mimi nilikuwa Makambako na mama alikuwa anashinda shambani, lakini hata hivyo watu waliotoka mbali kuja kuniona hawawezi kuikuta nyumba imefungwa wakaondoka bila hata kupiga simu. Mtu aliwageuza njiani, na kwa mawazo yangu mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Mtendaji nilimshuku tangu siku ya mhuri. Alisoma kwenye fomu mwombaji ni nani, akaniangalia, akasema, "Kumbe una akili namna hii?" Sentensi hiyo niliigeuza kichwani kila upande na haikunipendeza upande wowote. Jumatatu nilikuwa ofisini kwake kabla hajafungua dirisha.

"Wale walikuja," akasema. "Wakasaini kitabu cha wageni. Nikataka kuwapeleka, wakakataa. Wanasema utaratibu wao hawaandamani na kiongozi, wanataka waone wenyewe. Nikawaonyesha kwa kidole, pale kwenye mikaratusi, nyumba ya kwanza siyo, ya pili ndiyo."

"Na walipotoka?"

"Walipita na gari lao, wakanipungia mkono. Mimi nikajua mambo ni mazuri."

Alikuwa ananiangalia machoni kabisa. Nikajisemea, mwongo mzoefu huyo. Nilitoka pale nimeshamhukumu, na kwa miezi kadhaa, kila nilipokuja nyumbani, nilimsalimia kwa sauti ya chini ili ajue kwamba najua. Maskini, alikuwa ananiitikia kwa furaha.

Nilirudi Makambako nikaendelea kupima misumari. Chuo kilifungua bila mimi. Wenzangu wakaanza kuweka picha wamevaa makoti meupe, na mimi nilikuwa nazikuza zile picha kwa vidole viwili nione kama makoti ni ya kwao au ya kuazima. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu mwaka ule. Nasema wazi kwamba ulinisaidia. Hasira ilinifanya niamke asubuhi, nioge, nifungue duka. Watu wanasema kukataliwa kunavunja moyo, lakini mtu mwenye adui havunjiki haraka, ana shughuli.

Msimu wa kuchimba viazi nilirudi nyumbani kusaidia. Kwetu wanawake wa jirani huchimba pamoja, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Siku ile tulikuwa kwa mama mkubwa. Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, ukungu haujanyanyuka, tumejifunga vitenge juu ya masweta. Mama alikuwa tuta la jirani na langu. Mazungumzo yakaingia kwenye habari za binti wa kijiji cha pili aliyeondoka na mwanamke asiyejulikana, ameahidiwa kazi za ndani mjini, na simu yake haipatikani.

Hapo kila mtu aliinamia tuta lake, kwa heshima ya mama mkubwa. Binti yake wa kwanza alichukuliwa vivyo hivyo, kwa gari na maneno matamu. Alirudi, ndiyo, na sasa ameolewa Matembwe ana maisha yake, lakini yaliyompata huko hajawahi kumwambia hata mama yake mzazi. Kwa nchi yetu hiyo si habari ngeni. Wanaotafuta mabinti wa kazi wanajua njia ya kuja kwetu kuliko wanaonunua viazi.

Mama mkubwa akanyoosha mgongo, akapangusa udongo mikononi.

"Hata hapa walifika," akasema. "Mwaka jana, na gari jeupe. Wakaja mpaka mlangoni kwangu. Mwanamke amevaa miwani, mwanaume ana faili. Wakaniuliza, mama, unamjua binti wa nyumba ile?" Akanyoosha kidole kwetu. "Nikawauliza, mna shida gani naye? Wakasema wanataka kumjua tu. Ana umri gani? Amemaliza shule? Baba yake yuko hai? Nikasema moyoni, haya. Halafu yule mwenye miwani akaniuliza, wanakula mara ngapi kwa siku!"

Wanawake wakaguna.

"Mara ngapi kwa siku! Nikamwambia, dada, unataka kumlisha? Akacheka, akaandika. Hapo nikawajua. Mtu anayekuuliza yatima wa watu anakula mara ngapi, huyo anapima njaa yake ili ajue atamchukua kwa bei gani."

"Ukafanyaje?" mmoja akauliza.

"Nikawaambia, binti mnayemuuliza hayupo. Ameolewa, yuko Matamba, na mtoto wa kwanza ameshazaa. Nilichagua Matamba kwa sababu ni mbali na mvua ilikuwa imekata njia. Nikawaambia nendeni mkamwone! Wakatazamana, wakafunga faili, wakaondoka."

Shamba zima lilicheka na kushangilia. Mmoja alimpiga mgongoni kumpongeza. Mwingine akaniambia, wewe binti, ungekuwa leo unafua mashuka ya watu, mshukuru mama yako mkubwa. Na yeye mwenyewe alikuwa ananiangalia, uso wake umechanua, anangoja.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameinama vile vile, jembe limezama kwenye tuta, halitoki. Hakuinua kichwa.

"Asante, mama mkubwa," nikasema.

"Usinishukuru," akasema. "Wewe ni wangu."

Nikaendelea kuchimba. Nilikata viazi vingi kwa jembe asubuhi ile, vizima kabisa, na hakuna aliyenigombeza.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipolia, na nililia kwa sauti, na nilimlilia mama. Nilimwambia yeye ndiye aliyefanya haya. Angemwambia jirani yake neno moja tu, binti ameomba chuo, watu watakuja, mama mkubwa angewabeba wale wageni mgongoni mpaka mlangoni kwetu. Lakini hapana, sisi tulipita nyuma ya mashamba kama wezi, tukaumwa meno. Mama alikaa kwenye kigoda, miguu yake ina udongo, akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Twende tukamwambie," nikasema. "Ajue alichokifanya."

"Akishajua?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Binti yake wa Matembwe alipoondoka, mama yako mkubwa ndiye aliyemfungia nguo," mama akasema. "Akamsindikiza mpaka barabarani. Umewahi kumsikia akilisema hilo? Ukimwambia na hili, hataamka tena."

Nilimchukia mama mkubwa kwa muda. Nasema ukweli, nilimchukia kwa moyo wote, nikisikia "Kamwene!" yake uani nilikuwa naingia ndani. Nilipiga simu kwa wale wafadhili, nikamweleza dada aliyepokea kwamba mimi sijaolewa. Akaniomba nirudie, nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo kazini. Akasema pole, nafasi zimeshatolewa zote, nijaribu mwaka mwingine. Nikamwambia hata Matamba sijawahi kufika. Akasema pole tena.

Chuki ilikuja kuisha yenyewe, na sijui iliisha siku gani. Ni vigumu kumchukia mtu anayekuletea maparachichi kwenye kanga kila ukirudi nyumbani. Kilichobaki ni kwamba nilikuwa nimebeba kitu ambacho siwezi kukitua mahali popote.

Mwaka uliofuata nikaomba tena, kwa wafadhili wengine, na safari hii mama mwenyewe alivunja sheria yake. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikamsikia kupitia uani akisema, kwa sauti ya mtu anayevuka mto hajui kina chake, "Jirani, binti ameomba ufadhili wa chuo. Watakuja watu kuuliza habari zetu. Tusaidie kuwapokea."

Sauti nene ikapasuka, "Na mlikuwa mnangoja nini kuniambia!"

Tangu siku hiyo sikuwa na siri. Wanawake wa kwaya walijua, muuza mbolea alijua. Mwinjilisti aliniombea mbele ya usharika mzima, akataja na fani, watu wote wakageuka kunitazama, nami nikatamani kuingia chini ya benchi. Mtendaji aliniambia safari hii atawasindikiza watake wasitake. Nilikuwa nangoja jambo lichakae kama mama alivyonifundisha, nikimchunguza kila aliyenitakia heri kama anamaanisha.

Walikuja vijana wawili kwa pikipiki, kaka na dada, wamepiga simu kabla. Nilikuwepo. Mama mkubwa alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi na kitenge chake cha Pasaka. Aliwaleta kwetu akiwa katikati yao. Aliwaonyesha bati lililotoboka, akawaonyesha jiko, na choo alikifungua mlango mwenyewe kabla hajaombwa, akasema, "Pigeni na hapa, msione aibu." Dada yule alikuwa anajizuia kucheka. Mimi nilikuwa nimekunja mikono mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika jambo lote lile nilijisikia nina watu.

Kisha tukakaa ndani kwa maswali. Mama mkubwa ndiye aliyeshika birika, anawamiminia wageni chai. Yule kaka akafungua faili lake, akauliza umri wangu, akauliza baba alifariki lini. Halafu, bila kuinua macho, akauliza, "Na kwa kawaida mnakula mara ngapi kwa siku?"

Nilimwona mama mkubwa. Mkono wake ulisimama na birika hewani. Aliliangalia faili, akamwangalia kijana, akaliangalia faili tena.

"Hilo swali mnauliza kila mahali?" akasema.

"Kila mahali, mama. Wafadhili karibu wote wanauliza hayo hayo."

Akamimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika, ikatiririka mezani, na mama akanyanyuka kutafuta kitambaa. Mama mkubwa akaweka birika chini. Mimi nilijibu kwamba tunakula mara mbili, na mara tatu wakati wa viazi.

Jibu lilikuja nikiwa huko huko nyumbani. Walikuwa wameomba wengi, nafasi zilikuwa chache, nami sikuwemo. Safari hii hakukuwa na neno uhakiki wala vigezo. Niliusoma ule ujumbe nikitafuta mkono wa mtu kwa mazoea. Kichwani nilimpitia mtendaji, nikapitia kwaya, nikampitia binti wa mwinjilisti ambaye alikuwa ameniazima madaftari yake. Hakukuwa na mtu. Wale vijana walifika, walinywa chai, walituona tulivyo, na wakampa mwingine. Hiyo iliniuma kuliko ya kwanza, kwa sababu haikuwa na pa kupelekwa. Nilikaa kitandani na koti langu la baridi, na mama aliniacha nikae.

Siku hizi niko tena Makambako na nimeshatuma ombi la tatu, na la nne liko njiani. Nimejifunza kukataliwa bila kumtafuta mtu, ingawa sijazoea, na sidhani kama kuna anayezoea. Lakini jioni ya siku ile ya jibu la pili nilikuwa bado sijajifunza chochote. Mvua ilikuwa imeanza, na mama mkubwa akaingia bila kuita, maji yanamchuruzika kitengeni. Alikuwa ameshasikia. Hakusema "Kamwene". Alisimama katikati ya jiko letu na mikono yake mikubwa inaning'inia.

"Nilisema nini vibaya?" akaniuliza.

"Hukusema vibaya, mama mkubwa."

"Niliwaambia mna ng'ombe. Labda nisingemtaja ng'ombe."

"Ng'ombe walimwona wenyewe."

"Au kile choo. Wameona nawadharau."

"Walikipenda." Nilijaribu kucheka. "Hukukosea kitu. Wameomba watu wengi tu. Sikupata."

Niliyosema yalikuwa kweli, na niliyasema kwa nguvu ya mtu mwenye ukweli. Alitikisa kichwa polepole. Nikamwomba akae, hakukaa. Alikuwa anaangalia moto.

"Na mwaka ule mwingine," akasema, bila kuniangalia, "wa lile gari jeupe. Hukuwa umeomba mahali?"

Mama aliacha kuchochea moto.

"Sikuomba, mama mkubwa," nikasema. "Nimeanza mwaka huu."

Aliinua macho akanitazama, akanitazama vizuri, na mimi sikukwepesha yangu. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akamwomba mama chai.